Ho Chi Minh: mkomunisti wa kweli au mzalendo aliyejifunika bendera nyekundu? (uzi mrefu, njoo na kahawa)

#1 Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu.

Kila ukifunguliwa uzi wa vita ya Vietnam humu mabishano yanaishia palepale. Kundi moja linasema Ho Chi Minh alikuwa mkomunisti wa kutupwa, kibaraka wa Moscow, uzalendo ilikuwa geresha tu. Kundi lingine linasema hapana, mzee wa watu alikuwa mzalendo, huo ukomunisti aliushika kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kumpa bunduki. Mimi naona wote wanadhani hivyo vitu viwili vilikuwa vinagombana ndani yake. Ukiyafuata maisha yake kwa mpangilio unaona alichokuwa anahangaika nacho ni kipi kitangulie, na kuanzia 1920 mpaka anakufa 1969 hakuyumba ila mara moja kubwa, nchi ijikomboe kwanza, mambo ya matabaka yanafuata nyuma. Na msimamo huo ulimgharimu sana ndani ya chama chake mwenyewe, hii wengi hawaijui.

Kazaliwa 1890 mkoa wa Nghe An, jina la utotoni Nguyen Sinh Cung. Baba yake Nguyen Sinh Sac alikuwa msomi wa Kikonfusio aliyefaulu mitihani ya kifalme, akapata cheo serikalini akaja kufukuzwa. Hii ya Konfusio msiipite haraka, itarudi huko chini. 1911 kijana akapanda meli ya Wafaransa pale Saigon kama msaidizi wa jikoni. Sasa sikilizeni hii, mwaka huohuo alipofika Ufaransa akaandika barua kuomba nafasi kwenye Shule ya Kikoloni ya Paris, chuo kilichokuwa kinanoa watumishi wa serikali ya kikoloni! Wakamtosa. Mashabiki wake hawapendi kuisikia hii lakini mimi naiona ya maana, inaonyesha kwamba kijana wa miaka 21 hakutoka nyumbani na itikadi mfukoni, alikuwa anatafuta mlango wowote utakaofunguka.

Akazunguka miaka, meli, majiko ya mahoteli, Marekani, London, halafu Paris. 1919 wakubwa wamekaa Versailles kugawana dunia baada ya vita kuu ya kwanza, rais Wilson wa Marekani anahubiri mataifa kujiamulia mambo yao, basi Wavietnam wa Paris wakaandaa maombi ya hoja 8 yakasainiwa kwa jina la Nguyen Ai Quoc, ambalo ndilo jina alilotumia huyu bwana kwa zaidi ya miaka 20. Someni zile hoja mtashangaa upole wake. Wafungwa wa kisiasa wasamehewe, sheria iwe moja kwa Mfaransa na Mvietnam, magazeti yawe huru, watu waruhusiwe kukusanyika, kuwe na wawakilishi wetu bungeni Paris. Kujitenga na Ufaransa hakumo kabisa. Na hata hivyo hawakupata jibu la maana.

Mwaka uliofuata, Julai 1920, gazeti la L'Humanité likachapisha hoja za Lenin kuhusu mataifa na makoloni. Mwenyewe aliandika 1960 akikumbuka siku ile, anasema maneno mengi ya mle ndani hakuyaelewa, akarudia na kurudia, alipoelewa akalia kwa furaha peke yake chumbani. Na humohumo anasema wazi kilichomvuta kwa Lenin mwanzoni ni uzalendo, ukomunisti ulikuja baadaye. Lenin alikuwa anasema nini? Kwamba watu wa makoloni wanaopigania nchi zao ni washirika halali wa mapinduzi ya wafanyakazi, hata kama viongozi wao sio wakomunisti. Vyama vingine vyote vya Ulaya kwa kijana huyu vilikuwa vinamwambia subiri kwanza sisi tushinde huku kwetu. Desemba 1920 kwenye mkutano wa Tours akapiga kura upande wa Lenin, ndio chama cha kikomunisti cha Ufaransa kikazaliwa na yeye akiwa mmoja wa waasisi.

Halafu akaanza kuwasumbua wenzake haohao. 1924 yuko Moscow kwenye mkutano wa tano wa Komintern, ile jumuiya ya vyama vya kikomunisti duniani, anasimama anawachana wakomunisti wa Ufaransa na Uingereza mbele ya watu kwamba hawafanyi chochote kuhusu makoloni. Alikuwa na mfano wake wa ruba, anasema ubepari ni ruba mwenye vinywa viwili, kimoja kinanyonya wafanyakazi wa Ulaya kingine kinanyonya makoloni, ukikata kimoja ukaacha kingine mdudu anaendelea kuishi na kile ulichokata kinaota upya. Hapo ndipo ilipo siasa yake yote, kwake koloni ndilo lilikuwa uwanja wenyewe wa vita wakati Ulaya wenzake wanalichukulia kama kibarua cha pembeni.

Sasa njoo Februari 1930, Hong Kong. Wavietnam walikuwa na makundi ya kikomunisti yanayogombana, Ho akayakalisha pamoja, Chama cha Kikomunisti cha Vietnam kikaundwa na akaandika mwongozo mfupi, adui ni mkoloni na mabwanyenye (wenye mashamba) wakubwa walio upande wake, wakulima wa kati na matajiri wadogo na hata mabwanyenye wazalendo tuwavute au tusiwachokoze. Miezi 8 tu baadaye, Oktoba 1930, chini ya Tran Phu aliyetoka Moscow, mwongozo ule ukatupwa, chama kikabadilishwa jina kuwa cha Indochina (yaani Vietnam, Laos na Kambodia) badala ya Vietnam, Ho akalaumiwa kwamba anathamini utaifa kuliko vita vya matabaka. Mwaka 1931 akakamatwa na Waingereza Hong Kong, kuja kurudi Moscow 1934 akakaa mpaka 1938 bila kazi ya maana, hawamwamini, na ile ilikuwa miaka ya Stalin kusafisha watu. Aliponea chupuchupu. Kwa hiyo wanaosema alikuwa mtoto mpendwa wa Moscow waelezeni hiyo miaka.

Akarudi nyumbani Januari 1941 baada ya miaka 30, akajificha pango la Pac Bo mpakani na China. Mei 1941 chama kikakaa na kikarudi kwenye msimamo wake yeye, Viet Minh ikaundwa, umoja wa mkulima na mfanyabiashara na msomi na hata mwenye shamba mradi anampinga Mfaransa na Mjapani. Kauli ya kugawa mashamba ya mabwanyenye wote ikawekwa pembeni, yachukuliwe ya wakoloni na wasaliti tu. Miaka minne baadaye tarehe 2 Septemba 1945 anasimama uwanja wa Ba Dinh Hanoi anatangaza uhuru, na anaanza kwa kunukuu azimio la uhuru la Marekani la 1776 na tamko la haki za binadamu la Wafaransa. Lenin hakutajwa. Marx hakutajwa.

Nimechoka kuandika, karibuni tujadili, matusi hapana.

#2 Mchangiaji

Nimekaa siti ya mbele.

#3 Mchangiaji

Mkuu mleta uzi umeandika vizuri ila umempaka mafuta mzee. Mbona umesimama 1945? Endelea mbele uone sura ya pili. Hao Viet Minh wa umoja wa kitaifa ndio haohao waliowamaliza washindani wao, Ta Thu Thau aliyekuwa kiongozi wa Watrotsky (wakomunisti waliompinga Stalin) wa Saigon aliuawa 1945 hiyohiyo mikononi mwa Viet Minh, wazalendo wa vyama vingine walifukuzwa au walipotea. Mageuzi ya ardhi ya 1953 mpaka 1956 watu waliburuzwa mbele ya umati wanatukanwa wanapigwa risasi. 1954 nchi ilipogawanywa karibu watu milioni moja walikimbia kaskazini kwenda kusini, wengi wao Wakatoliki, mtu hakimbii nchi kwa sababu kiongozi wake ni mzalendo mpole mwenye ndevu za mbuzi. 1956 waandishi na washairi walioomba uhuru kidogo wa kuandika wakafungiwa majarida yao, wengine jela. Huo ndio ukomunisti wenyewe, hauna toleo la Kivietnam na toleo la Kirusi.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3 sijampaka mafuta, nilikuwa nimeishia hapo tu, na ulichoandika ni kweli tupu. Ila mageuzi ya ardhi tuyaangalie vizuri maana ndipo mahali msimamo wake ulipovunjika.

Kuanzia 1941 mpaka 1952 hivi Viet Minh hawakugusa sana mabwanyenye, walipunguza kodi za mashamba tu. Kilichobadilika ni China. Mao kashinda 1949, Januari 1950 Beijing na Moscow zikaitambua serikali ya Ho, silaha zikaanza kuingia, washauri wa Kichina wakaingia nazo, na pamoja na ushauri wa kijeshi ikaja namna ya kufanya mageuzi ya ardhi Kichina, timu zinaingia kijijini, zinapanga watu matabaka, na kuna matarajio kwamba asilimia fulani ya watu lazima wawe mabwanyenye hata kama kijiji kizima ni masikini. Sasa ukishaambiwa lazima uwapate utawapata tu.

Wa kwanza kabisa aliyeuawa, 1953 kule Thai Nguyen, ni mama anaitwa Nguyen Thi Nam. Huyu mama alikuwa tajiri kweli, lakini ndiye aliyetoa dhahabu kwa Viet Minh, aliwaficha viongozi wa chama nyumbani kwake, na watoto wake walikuwa jeshini wanapigana upande wa Ho! Kumbukumbu zilizotoka baadaye kutoka kwa watu wa ndani zinasema Ho hakupenda kampeni ianze na mwanamke, tena aliyewasaidia. Lakini hakuzuia. Mimi hapo ndipo ninapomhukumu, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ushahidi hai wa siasa ya Ho mwenyewe, kwamba tajiri mzalendo ana nafasi kwenye mapambano. Akiuawa yule na wewe upo kimya maana yake kwa muda huo umekubali siasa ya wale waliokulaumu 1930.

Idadi ya waliouawa wanahistoria wanapishana sana, wapo wanaosema maelfu machache, wapo wanaofika zaidi ya 10,000, na zile laki na laki zilikuwa zinatembezwa zaidi na propaganda za serikali ya kusini pale Saigon. Hata hiyo ya chini ni mbaya vya kutosha. Agosti 1956 Ho akaandika barua kwa wananchi kukiri kwamba makosa yametendeka, Oktoba Jenerali Giap, mkuu wa jeshi lake, akasimama hadharani kusoma orodha ya makosa, na Truong Chinh aliyekuwa katibu mkuu wa chama akaachia kiti. Novemba wakulima wa Nghe An kwao kabisa Ho wakaasi wilaya ya Quynh Luu na jeshi likatumwa. Hebu fikiria, kwao.

#5 Mchangiaji

Wasee hii story ya Moscow, si hata Mzee Kenyatta alisomea huko? Niliwahi sikia kwa mzee mmoja shags akisema Kenyatta na Ho Chi Minh walikuwa darasa moja.

#6 Mleta uzi

#5 mzee wako kakaribia. Chuo ni kimoja, kile cha Kikomunisti cha Wafanyakazi wa Mashariki pale Moscow kilichokuwa kinapokea vijana wa makoloni. Ho alipita hapo mapema, 1923 na 1924. Kenyatta alikwenda 1932 akaondoka 1933. Wakati Kenyatta yuko darasani Ho alikuwa kwanza gerezani Hong Kong halafu mafichoni China, kwa hiyo walipishana. Lakini ni kweli walikunywa kisima kimoja kila mtu akatoka na yake, Kenyatta alipopata nchi hakutaka hata kusikia habari za ukomunisti.

Na kuhusu Waafrika, Ho wa Paris alikuwa karibu na watu weusi kuliko wengi wanavyojua. 1921 yeye na watu wa Madagaska, wa visiwa vya Karibi na Waarabu wa kaskazini mwa Afrika waliunda umoja wa watu wa makoloni, 1922 wakaanzisha gazeti Le Paria, yeye ndiye alikuwa anakimbia nalo, anaandika, anachora vikatuni, anauza. Na 1924 aliandika makala kuhusu watu weusi wanavyochomwa na kunyongwa na makundi ya wazungu Marekani. Hii ndio maana kauli yake iliingia kirahisi Afrika miaka ya 60.

#7 Mchangiaji

Nchi ingekuwa nyingine kabisa kama rais Truman wa Marekani angejibu barua za Ho. Jamaa alikuwa anawapenda Wamarekani, makachero wao wa OSS walimkuta porini 1945 anaumwa hoi wakampa dawa, wakawafundisha vijana wake silaha, mpaka siku ya kutangaza uhuru mwaliko anampa Mmarekani. Aliandika barua na telegramu kwa Truman, kimya. November hiyohiyo akavunja chama cha kikomunisti kabisa kuonyesha hana nia mbaya. Marekani walimsukuma wenyewe kwa Mrusi na Mchina, wangemkumbatia angekuwa kama Tito wa Yugoslavia, mkomunisti wa kwake mwenyewe asiyepokea amri.

#8 Mchangiaji

#7 chama kilivunjwa kwa mdomo ndugu yangu. Kiligeuka "Jumuiya ya Masomo ya Umaksi" viongozi walewale vikao vilevile. 1951 kikaibuka na jina la Chama cha Wafanyakazi utadhani kilikuwa likizo. Tusidanganyane.

#9 Mleta uzi

#8 yuko sahihi kuhusu chama. Na #7 yuko sahihi kuhusu OSS na kuhusu barua, hilo lipo kwenye kumbukumbu za Wamarekani wenyewe. Ninapotofautiana na #7 ni hapo pa Tito. Hoja ya kwamba angekuwa rafiki wa Marekani naikubali. Hoja ya kwamba angeacha ukomunisti siikubali hata kidogo. Huyu mtu alikuwa na miaka 25 ndani ya hizo siasa, marafiki zake wamekufa kwenye magereza ya Wafaransa kisiwani Poulo Condore kwa ajili ya siasa hizo, mbinu zake zote za kupanga watu, seli za siri, vyama vya wanawake, vya vijana, vya wakulima, ni Lenin mtupu. Lenin ndiye aliyempa chombo cha kufanyia kazi, na chombo chenyewe kina tabia yake, hakivumilii chama kingine pembeni, kwa hiyo Ta Thu Thau wa #3 hakufa kwa bahati mbaya.

Lakini angalieni jinsi alivyokuwa tayari kumeza machungu kwa ajili ya nchi. Machi 1946 alisaini mkataba na Sainteny mwakilishi wa Ufaransa, akakubali askari 15,000 wa Kifaransa warudi kaskazini, kwa malipo gani, kwamba Ufaransa itambue Vietnam kuwa dola huru ndani ya Umoja wa Kifaransa, hata neno lenyewe la kujitegemea hawakulipata. Watu Hanoi walimwita msaliti. Hesabu yake ilikuwa kwamba kaskazini kumejaa askari wa Kichina wa Chiang Kai-shek (mtawala wa China kabla ya Mao) zaidi ya 100,000, na Mchina akikaa haondoki, Mfaransa yuko mbali na atachoka. Mkomunisti wa vitabuni asingefanya hivyo, na mzalendo wa jazba asingefanya vilevile.

Alipokuwa anaondoka Mei 1946 kwenda Ufaransa kwenye mazungumzo, alimwachia nchi mzee Huynh Thuc Khang, ambaye hata hakuwa mkomunisti, alikuwa msomi wa kizamani, akamwambia neno moja la Kikonfusio ambalo Wavietnam wote wanalijua, kwamba kwa kile kisichobadilika ukabili elfu kumi zinazobadilika. Mazungumzo ya Fontainebleau yakashindikana, Desemba vita ikaanza.

#10 Mchangiaji

Shikamooni wakubwa. Mleta uzi ulisema Konfusio utarudi, naona umegusa tu hapo mwisho. Mimi nimeishi na Wavietnam kazini miaka kadhaa na kitu kinachonishangaza wanapomzungumzia "Bac Ho", Mjomba Ho yaani, hawazungumzii Marx, wanazungumzia tabia. Aliamkaje, alikula nini, alivaa kandambili za matairi. Hiyo nayo ni itikadi au ni hadithi za kufundishia watoto?

#11 Mleta uzi

Marahaba. Umeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa uzi mzima.

Ni itikadi kabisa. 1925 alipokuwa Guangzhou China anafundisha vijana wa kwanza wa kimapinduzi, mihadhara yake ilikuja kuchapwa 1927, na ukurasa wa kwanza haufungui na thamani ya ziada wala historia ya matabaka. Unafungua na orodha ya tabia za mwanamapinduzi, awe na bidii, asiwe mbinafsi, atunze siri, asiwe mtumwa wa vitu. Ndipo baadaye inakuja siasa. Baada ya vita kuanza akaandika kwa ajili ya makada, na akashikilia maadili manne, bidii, kubana matumizi, uadilifu na unyoofu, haya ni maneno ya Konfusio yenyewe kwa Kivietnam, kila mtoto wa shule pale anayakariri mpaka leo. Akayapa tu kazi mpya, zamani ofisa alitakiwa awe nayo kwa ajili ya mfalme, sasa kada awe nayo kwa ajili ya wananchi. Baba yake angeelewa kila neno.

Na hapa ndipo alipowazidi ujanja wakomunisti wengine wa Asia. Mkulima wa Nghe An huwezi kumwambia kuhusu mgongano wa nguvu za uzalishaji akakuelewa, lakini mwambie kuhusu mtawala mwema anayekula kidogo na mtawala mbaya anayekula peke yake, anakuelewa kabla hujamaliza. Oktoba 1945 aliwaandikia viongozi wa mikoa na vijiji kwamba nchi ikiwa huru na wananchi hawana furaha wala uhuru wao basi huo uhuru hauna maana yoyote. Barua hiyohiyo inawatukana maofisa kwa rushwa, kwa kujaza ndugu ofisini, kwa kutumia magari ya serikali kupeleka wake zao matembezini. Mwezi wa pili tu wa serikali!

Ila tusiwe watoto. Kuna wasifu wake ulitoka mwishoni mwa miaka ya 40 kwa jina la mwandishi Tran Dan Tien, unamsifia sana, na humo kuna kusifia unyenyekevu wake. Watafiti wengi wanakubaliana Tran Dan Tien ni yeye mwenyewe hahaha. Mtu anajisifia kwamba hapendi kujisifia. Kwa hiyo zile kandambili zilikuwa za kweli na zilikuwa za kuonekana, vyote kwa pamoja.

#12 Mchangiaji

Sasa hao wa leo wanaosema "Fikra za Ho Chi Minh" na huku wana soko la hisa, mabilionea, viwanda vya Samsung, mzee si anageuka huko aliko? Na halafu Halotel yetu hii, mtandao wa simu, ni ya jeshi lao kabisa, Viettel ipo chini ya wizara yao ya ulinzi. Ukomunisti gani wa kuuza bando?

#13 Mleta uzi

😂😂 #12. Twende taratibu.

Kwanza kabisa Ho mwenyewe miaka yake ya mwisho hakuwa anaendesha nchi. Kuanzia 1960 Le Duan ndiye katibu wa kwanza wa chama, mtu wa kusini aliyefungwa na Wafaransa miaka mingi, na yeye na kina Le Duc Tho ndio waliosukuma vita ya kusini iwe kubwa. Desemba 1963 kwenye kikao cha kamati kuu msimamo mkali ukapita, na waliokuwa na msimamo wa mazungumzo wakaanza kuitwa warekebishaji, 1967 wengi wakakamatwa, wakiwemo watu wa karibu na Ho na Giap. Ho alibaki sura ya nchi na sauti ya redioni. Julai 1966 mabomu yanashuka Hanoi ndipo akatoa ile kauli maarufu, hakuna kilicho na thamani kuliko uhuru na kujitawala. Hata pale hakusema ujamaa.

Akafa tarehe 2 Septemba 1969, siku ileile ya uhuru, chama kikatangaza amekufa tarehe 3 ili sherehe isiharibike, wakaja kusema ukweli 1989. Kwenye wosia aliomba achomwe moto na majivu yagawanywe sehemu tatu za nchi, kaskazini, kati na kusini, tena bila makaburi makubwa. Wakampaka dawa wakamlaza kwenye jumba la mawe Ba Dinh mpaka leo watu wanapanga foleni. Aliomba pia vita ikiisha wakulima wasamehewe kodi ya mashamba mwaka mmoja, kipengele hicho nacho hakikutolewa hadharani mpaka 1989. Kwa hiyo kugeuka kaburini hana hata kaburi la kugeukia.

Baada ya vita Le Duan akaingiza kusini kwenye mashamba ya pamoja na uchumi wa amri, njaa, foleni, mfumuko wa bei 1986 ukapita asilimia 700. Kafa Julai mwaka huo, Desemba mkutano mkuu wa sita ukapitisha Doi Moi, mageuzi, mkulima akarudishiwa usemi juu ya shamba lake, 1989 nchi iliyokuwa inaagiza mchele ikaanza kuuza nje kwa wingi. Wabongo tunaijua hiyo safari maana ya kwetu ya vijiji vya ujamaa ilifika palepale pa foleni miaka ileile. Tofauti ni kwamba wao leo ndio wanakuja kununua korosho ghafi Mtwara wakabangue kwao.

Sasa "Fikra za Ho Chi Minh" kama jina rasmi liliingia mkutano mkuu wa saba, Juni 1991. Angalia huo mwezi. Ulaya Mashariki imeshaanguka, Moscow inayumba, miezi 6 tu mbele Umoja wa Kisovieti haupo. Chama kikaona kikibaki na Marx na Lenin peke yao kitabaki na marehemu wa kigeni wawili, kikamwongeza wa nyumbani ambaye hakuna Mvietnam anayeweza kumkana. Ni ujanja wa kisiasa wa hali ya juu. Na kwa kuwa maandishi yake ni makala na hotuba na barua za kila aina kwa miaka 50, ukitaka Ho wa soko unampata, alishawaandikia wafanyabiashara wa nchi yake Oktoba 1945 kwamba uchumi wa taifa unawahitaji. Ukitaka Ho wa kupambana na rushwa unampata, ndiye aliyetumiwa na marehemu Nguyen Phu Trong, aliyekuwa katibu mkuu wa chama, kwenye kampeni yake ya kuwachoma vigogo. Ukitaka Ho wa vyama vingi hapo humpati, na ndio maana wameridhika naye.

Kuhusu Halotel, jeshi lao kufanya biashara halikuanza na soko huria, lilikuwa linajenga na kulima tangu miaka ya 50. Ho mwenyewe hakuwahi kuona kosa jeshi kuzalisha. Bando likiisha haraka mlalamikie meneja sio Lenin.

#14 Mchangiaji

Mkuu kwa hiyo jibu lako la mwisho ni lipi, mkomunisti au mzalendo? Maana umezunguka kweli.

#15 Mleta uzi

Nilishajibu posti ya kwanza mkuu. Mkomunisti, kwa asilimia zote, ambaye kila alipolazimika kuchagua kati ya chama cha kimataifa na nchi yake alichagua nchi, 1930, 1941, 1945, 1946, isipokuwa mara moja kubwa, 1953, na ile moja ililipwa na watu wasio na hatia vijijini.

#16 Mchangiaji

Le Duan naye anahitaji uzi wake. Huyo ndiye aliyeshinda vita halafu akaharibu amani.

#17 Mleta uzi

Huyo yuko njiani, wiki ijayo Mungu akipenda. Mwenye chochote kuhusu kesi ya warekebishaji ya 1967 aniwekee hapahapa nitakitumia.